Moshi wa Chumba cha Juu

Kabla ya kumpigia mama yake simu ya video, Sidonie alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anavua kofia ya sufu. Kisha skafu. Kisha lile koti la mtumba, zito kama deni, analishusha mabegani na kulikalia ili kola yake isionekane. Anabaki na blauzi nyepesi ya kitenge, mikono wazi, utadhani ametoka kuoga sasa hivi. Anajipigapiga mashavu yapate damu kidogo, anatabasamu, ndipo anabonyeza.

"Mwanangu! Mbona umekonda hivyo?"

"Ni simu, mama. Simu za huku zinakondesha watu."

"Basi nunua nyingine. Na huo moshi?"

"Moshi gani?"

"Huo unaokutoka mdomoni. Nyumba inaungua?"

Sidonie akajifanya kukohoa, akaweka kiganja mbele ya midomo. "Napika, mama. Chumba chenyewe kidogo, ukiteleka sufuria tu kinajaa moshi."

"Unapika nini?"

"Wali."

"Tangu lini wali ukawa na moshi?"

"Umeshika chini kidogo."

Mama Hortense alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Alikuwa Bonabéri, ng'ambo ya mto kutoka Douala mjini, mbele ya jiko lake la kuchomea samaki, pale pale alipokaa kila jioni tangu Sidonie akiwa mchanga wa kubebwa mgongoni. "Mtoto wa mchoma samaki anaunguza wali," akasema. "Tafadhali usiwaambie Wajerumani kwamba wewe ni wa kwangu."

Simu ilipokatika Sidonie akavaa tena koti, skafu na kofia, akajikunja kitandani na miguu chini ya makalio. Hakukuwa na wali, wala sufuria motoni. Ule moshi ulikuwa pumzi yake mwenyewe. Chumba kilikuwa cha baridi kiasi kwamba mtu akipumua anajiona.

Na hita ipo, hilo ndilo linaloudhi. Ilikuwa pale chini ya dirisha, nyeupe, safi, kitasa chake kinazunguka vizuri kutoka sifuri hadi tano. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa imezimwa, na aliyeizima ni Sidonie.

Siku alipohamia katika nyumba hiyo ya ghorofa moja, kwenye mtaa wa kilimani mjini Chemnitz, mwenye nyumba alimpandisha ngazi mwenyewe hadi chumba cha darini. Aliitwa Bi Oertel, mjane aliyepita miaka sabini, mgongo umenyooka kama wa askari aliyestaafu juzi. Alimweleza mambo mawili. La kwanza, kodi ya chumba ni ya kila kitu: maji, umeme na joto vimo humo humo, kwa hiyo awashe hita apendavyo. La pili, kila asubuhi na kila jioni afungue dirisha lote, wazi kabisa, kwa dakika chache, hata kama nje kuna theluji, kisha afunge. Hilo la pili alilirudia, kidole kikiwa juu.

Sidonie aliyaelewa yote mawili. Kijerumani alikisomea Yaoundé kwa pesa nyingi za samaki, na hakikumpita. Alichokosa ni kuamini. Aliitikia kwa adabu, ndiyo Bi Oertel, sawasawa Bi Oertel, maana kwao mtu mzima akishasema humuulizi kama ana hakika. Kisha akashuka kilima kwenda kumuuliza Anicet.

Kila mji wa Ujerumani wenye chuo una Mkameruni mmoja aliyefika zamani kuliko wenzake, ambaye digrii yake haiishi na hakuna anayethubutu kumuuliza kwa nini. Chemnitz, mtu huyo alikuwa Anicet Fokou. Ndiye aliyewapokea wageni stesheni, akawaonyesha duka linaloshusha bei ya mkate jioni, akatunza pesa za upatu wa wanafunzi, akasuluhisha wapenzi waliogombana. Mtu mwema, asije akasemwa vibaya kwa sababu ya habari hii. Lakini alikuwa na kidonda chake cha zamani, na mwenye kidonda akitoa ushauri, kidonda nacho kinasema.

"Amekwambia joto limo kwenye kodi?" Anicet aliuliza, na kuweka chini kikombe chake.

"Amesema niwashe nipendavyo."

"Mdogo wangu, kaa chini. Hapo hapo, kaa. Mimi mwaka wangu wa pili nilifanya nini? Niliwasha. Januari natembea chumbani na kaptura kama niko Kribi ufukweni. Mwisho wa mwaka ikaja bili ya ziada. Nilivyoisoma nikakaa sakafuni. Nilikula makaroni bila chumvi hadi Pasaka."

"Bila chumvi? Kwani chumvi bei gani, kaka mkubwa?"

"Usinikatize, nakufundisha maisha. Nchi hii haina cha bure. Wanakupa kwa mkono huu, bili inakuja na ule. Wewe washa jioni kwa muda wa saa moja tu, basi, zima. Taulo chini ya mlango, pazia funga, joto lisipate pa kutokea."

"Na dirisha?"

"Dirisha? Kwenye theluji?" Anicet alimtazama kwa huruma ya kweli. "Wajerumani wanapenda hewa. Sisi tunapenda uhai."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mtu afanyeje wakuu wakiwa wawili na kila mmoja ana lake. Sidonie alimchagua mkuu wa kwao, kama ambavyo wengi wetu tungefanya, na majira ya baridi yakaanza.

Tena hakuwa na nafasi ya kujaribu bahati. Pesa aliyokuja nayo, ile ambayo lazima ifungiwe benki na mwanafunzi apewe kwa mafungu kila mwezi, ilikuwa ya mama yake yote: zamu yake ya upatu sokoni, kiwanja kidogo cha marehemu baba, na mkopo wa mjomba. Fungu la mwisho lilitoka kabla majani hayajadondoka. Baada ya hapo aliishi kwa kazi ya kupanga vifurushi ghalani. Krismasi ilipopita watu wakaacha kununua, naye saa zake za kazi zikakatwa nusu.

Basi akajifunza kubana. Jumapili alichemsha chungu kikubwa cha maharagwe cha wiki nzima. Mkate alinunua wa jana. Baada ya sherehe za wanafunzi aliokota chupa tupu, akazirudisha kwenye mashine ya duka kuu zigeuke senti. Nguo alifua kwa mikono kwenye sinki na kuanika kwenye kamba aliyoifunga kutoka dirishani hadi kabatini, kwa kuwa mashine ya kufulia ya sarafu ilikuwa inakula chakula cha siku mbili. Katika chumba kile kisicho na joto wala hewa, nguo zilikaa kambani siku nenda rudi, na mwisho alizivaa zikiwa na unyevu, zikinuka kama mbwa aliyenyeshewa. Madirisha yalitoka jasho kila asubuhi. Aliyapangusa kwa soksi na kwenda darasani.

Jumamosi alikuwa akikutana na Bi Oertel kwenye ngazi, maana Jumamosi ndiyo siku Bi Oertel alipofagia ngazi hata kama hazina vumbi.

"Unaendeleaje, Bi Djoumessi?" Daima alimwita kwa jina la ukoo.

"Vizuri sana, Bi Oertel."

"Dirisha unafungua?"

"Kila siku."

"Na kikohozi hicho?"

"Ni koo tu."

Bi Oertel alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye ufagio wake.

Februari ikaleta habari njema. Baada ya kungoja kwenye orodha tangu alipofika, Sidonie alipata chumba katika hosteli ya wanafunzi, kwa bei ndogo kuliko ile ya kilimani. Angehama mwishoni mwa Machi. Zaidi ya yote, akihama atarudishiwa amana yake, kodi ya miezi miwili ambayo Bi Oertel aliishika tangu siku ya kwanza, kama kila mwenye nyumba anavyoshika ili chumba kisiharibiwe. Pesa hiyo Sidonie alikuwa amekwisha ipangia kazi. Ada ya muhula ilitakiwa ilipwe wiki hiyo hiyo ya kuhama. Asipolipa, jina linafutwa chuoni. Jina likifutwa, kibali cha kuishi kinakwenda nalo. Kibali kikienda, atashuka Douala na sanduku moja mbele ya mama aliyeuza kiwanja. Kukopa hakukuwezekana. Wiki ya ada kila mwanafunzi ana ada yake, na mfuko wa upatu ulikuwa umekwisha liwa na kijana mmoja aliyedaiwa bima. Ilikuwa amana ile au hakuna kitu.

Siku ya kuanza kufungasha alivuta kabati mbele, akachungulia nyuma yake, akabaki ameshika mlango wa kabati.

Ukuta ulikuwa mweusi. Ukungu ulikuwa umeota kutoka sakafuni hadi usawa wa bega lake, madoa kwa madoa, mengine yameungana, mengine yana manyoya. Ulinuka kama chini ya mtungi wa maji. Akagusa, kidole kikatoka na unga wa kijivu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akautazama ule weusi, na alichokiona pale ni jina lake likifutwa.

Alimpigia Anicet. Anicet alikuja, akautazama ukuta, akatikisa kichwa kama daktari.

"Hii ni hewa. Ungekuwa unafungua dirisha, isingeota."

Sidonie alimgeukia taratibu. "Nani alinikataza kufungua dirisha?"

"Haya, tusitafute mchawi. Tutafute dawa." Anicet alikuna ndevu. "Ana macho mazuri huyo bibi?"

"Anavaa miwani."

"Basi Mungu yupo."

Walinunua kopo la rangi nyeupe, ya bei ya chini kuliko zote dukani. Walisugua ukungu kwa dawa ya choo mpaka macho yakawatoka machozi, kisha wakapaka. Rangi ilipokauka, ukuta wa zamani ulibaki na rangi ya maziwa ya siku nyingi, na nyuma ya kabati pakang'aa kama jino la bandia. Wakarudisha kabati.

"Hakionekani kitu hapa," Anicet alisema, akijipongeza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sidonie aliujua msemo huo kwa lugha ya kwao, lakini alikuwa na siku chache na hana pesa, akaunyamazisha.

Siku ya kukabidhi chumba Bi Oertel alipanda na ndala zake za nyumbani na miwani ikining'inia kwa kamba shingoni. Anicet alikuwepo, eti kama mkalimani, ingawa Kijerumani cha Sidonie kilikuwa kizuri kuliko chake. Bi Oertel akafungua bomba, akafunga. Akawasha taa. Akahesabu funguo. Akafungua droo moja moja na kunusa ndani. Sidonie alianza kupata matumaini. Kisha bibi akaenda kwenye kabati, akaweka bega lake la miaka sabini na zaidi, akalisukuma pembeni.

Akavaa miwani.

"Nani amepaka rangi hapa?"

"Zawadi, mama," Anicet akasema haraka. "Tumekuachia chumba kipya."

"Nyuma ya kabati peke yake?"

"Tulianzia hapo."

"Na kwingine?"

"Rangi ikaisha."

Bi Oertel alipitisha kiganja ukutani, polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Sidonie aliuona mkono ule wenye mishipa ukitembea juu ya uongo wake, na kitu kikamshinda. Alikuwa amechoka. Miezi yote hiyo alimdanganya mama kwenye simu, akamdanganya bibi kwenye ngazi, na sasa alikuwa amefundisha ukuta nao kudanganya.

"Ni ukungu, Bi Oertel. Uliota nyuma ya kabati, mwingi. Tumeusugua na kuupaka rangi juu ili usiuone."

Anicet akafumba macho.

"Hukuwa unafungua dirisha," Bi Oertel alisema.

"Sikufungua."

"Kila Jumamosi nilikuuliza."

"Kila Jumamosi nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Joto lingetoka. Nilikuwa nawasha kwa saa moja tu jioni. Nilitaka libaki."

Bi Oertel aligeuka mzima mzima. "Saa moja? Januari, mabomba ya barabarani yakipasuka, wewe unawasha kwa saa moja?" Alimtazama Sidonie kana kwamba ndiyo kwanza anaona alivyo mwembamba. "Lakini joto limo kwenye kodi. Ulikuwa unalipia kila mwezi. Nilikwambia siku ya kwanza, hapo hapo uliposimama."

"Niliambiwa wenye nyumba husema hivyo, halafu bili inakuja."

"Nani alikwambia?"

Anicet akaanza kukagua balbu.

"Kuna nyumba zinazotoza hivyo," Bi Oertel alisema, akimtazama mgongoni. "Yangu siyo. Yangu ningeulizwa tu ningejibu."

Alikaa juu ya kitanda kilichovuliwa shuka. Kwa mara ya kwanza mgongo wake ukapinda kidogo.

"Mume wangu aliziba paa hili lote kwa mikono yake," alisema. "Majira mazima ya joto yumo humu ndani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema hataki mtu alale chini ya paa lake na kusikia baridi. Na wewe ulilala humu na koti." Alilainisha godoro kwa kiganja. "Nilikusikia ukikohoa. Siku moja nikapika chai, nikapanda nayo hadi katikati ya ngazi. Nikarudi. Nikajiambia, Gerlinde, mpangaji ana mambo yake, usimwingilie."

"Mimi nami nilishuka siku moja mpaka mlangoni kwako, nikuulize kama kweli joto limo. Nikarudi. Kwetu mtu mzima akishasema hahojiwi."

Walitazamana, mmoja amekaa, mmoja amesimama. Ngazi ile ina vidato vichache tu, na majira yote ya baridi kila mmoja aliishia katikati yake kwa sababu ya adabu. Sidonie aliona aibu, na chini ya aibu aliona uchungu.

Bi Oertel akasimama, mgongo ukanyooka tena.

"Ukuta nitaukata kwenye amana yako, Bi Djoumessi. Fundi atakwangua mpaka ndani, atie dawa, apake upya. Rangi yenu haitafaa kitu. Kazi hiyo itakula zaidi ya nusu."

"Mama," Anicet aliruka, "huyu ni mtoto wa watu, ana ada ya..."

"Kijana, sijamaliza kusema."

Akatoka. Walisikia ndala zake zikishuka, kidato kwa kidato. Sidonie alifanya hesabu ile kichwani mara moja tu, maana ilikuwa fupi. Kilichobaki hakikufika kwenye ada. Alitazama maboksi yake mawili na sufuria ya maharagwe juu yake, akawaza atamwambiaje mama, aanzie wapi, na je, atavua kofia kwanza.

"Nisamehe, mdogo wangu," Anicet akasema. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ile bili yangu ilinitia wazimu. Nikadhani nakukinga."

"Najua, kaka mkubwa."

Ndala zikarudi. Bi Oertel aliingia na bahasha, akaiweka juu ya hita na kuishikilia kwa kidole.

"Mwezi uliopita kampuni ya gesi ilinirudishia pesa," alisema. "Tangu niwe mjane hawajawahi kunirudishia, kila mwaka ni mimi ninayewaongezea. Nikaenda kujisifu kwa jirani. Nikamwambia mimi ndiye ninayejua kubana matumizi, yeye ni mfujaji. Alinuna." Alivuta pumzi. "Kumbe haikuwa akili yangu. Ilikuwa baridi yako."

Akahesabu noti mbele yao: kwanza kilichobaki cha amana baada ya ukuta, kisha juu yake pesa ya gesi, yote.

"Bi Oertel, siwezi kuchukua zawadi kubwa hivi, na ukuta nimekuharibia."

"Zawadi? Ingekuwa zawadi ningeoka keki. Wewe ulilipia joto na hukulitumia. Mimi nilikula cha mtu bila kujua, na sasa najua. Ukuta ni wangu, joto ni lako. Chukua."

Sidonie alizichukua. Ada ilikuwemo, na kidogo cha kuanzia kodi ya hosteli.

"Bado jambo moja," Bi Oertel akasema. "Fungua dirisha."

Sidonie alifungua, mabawa yote mawili. Hewa ya Machi ikaingia kama maji ya mto, ikayapeperusha mapazia, ikapita mashavuni na kwenye mikono ya nguo. Wakasimama watatu katikati ya chumba kitupu, pumzi zikiwatoka nyeupe.

"Mama, tutakufa," Anicet alinong'ona, meno yakigongana.

"Hufi. Unapumua."

Baadaye kidogo Bi Oertel akaashiria kwa kichwa kwamba yatosha, Sidonie akafunga, na bibi mwenyewe akazungusha kitasa cha hita hadi tano. Mabomba yakagugumia. Sidonie akaweka kiganja juu ya chuma, akakiacha hapo, kikapata uvuguvugu, kikapata moto. Mchana mweupe, hita imewashwa hadi mwisho, na hakuna kilichotokea. Machozi yalimtoka akaacha yatoke. Bi Oertel akageukia mlango, akajifanya anakagua bawaba.

Aprili ya Chemnitz ni kigeugeu. Sidonie alikuwa amekwisha kuhamia hosteli, ada imelipwa, jina lake lipo, theluji iliporudi ghafla asubuhi moja ya Jumapili. Alikuwa amefungua dirisha wazi, kama alivyoagizwa, amesimama na kofia, skafu na koti akingoja dakika zake ziishe, simu ikalia. Mama. Hakuwa na muda wa kuvua chochote. Akapokea hivyo hivyo.

Mama Hortense alimtazama. Alitazama kofia. Alitazama skafu.

"Unapika?" akauliza.

Neno wali lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Sidonie, limezoea njia. Alilimeza.

"Hapana, mama. Nimefungua dirisha. Huo moshi ni pumzi yangu, kwa sababu ya baridi."

Nyuma ya mama mafuta ya samaki yalidondokea makaa, yakatoa sauti.

"Na ule wa Desemba?"

"Baridi."

"Na wa Januari?"

"Baridi, mama. Niliogopa bili, nikawa siwashi joto. Sikutaka ujue."

Mama Hortense akageuza samaki mmoja kwa vidole, akachukua muda wake.

"Sidonie. Mimi nimekaa mbele ya moshi tangu wewe hujazaliwa. Moshi wa chakula unapanda, unakwenda kwa jirani, unarudi kukuingia machoni. Haukai mdomoni mwa mtu mmoja majira mazima na yeye anazidi kukonda. Nilijua siku ile ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Ningesema, halafu? Ningekutumia nini? Kiwanja nilishauza." Akafuta jicho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na pilipili. "Nikaona, mtoto anasema ni wali. Basi na uwe wali."

Sidonie alifunga dirisha, akakaza komeo, akazungusha kitasa cha hita hadi tano. Akaisimamisha simu kwenye rafu, imtazame.

"Usikate, mama. Ngoja uone."

Akavua kofia. Akavua skafu. Akavua koti, mbele ya mama yake, akalitundika msumarini. Kisha akasogeza kiti, akakaa karibu na simu, akapumua kwa nguvu ili pumzi ionekane.

"Moshi bado upo," mama akasema, ameinama juu ya simu kama anavyoinamia jiko. Hita ikagugumia. Wote wawili wakangoja. "Bado. Pumua tena. Bado kidogo."

Sidonie akapumua tena.

"Haya," mama akasema. "Umeisha."